Ufa Juu ya Nyumba ya Bibi

Juzi jioni mvua ilikuwa inapiga bati hapa Tunduma mpaka honi za malori zikawa hazisikiki. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha kwanza, alikuwa mezani anakariri fizikia. Alirudia neno moja, frikshen, frikshen, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Nikamuuliza maana yake. Akanishushia sentensi nzima ya Kiingereza, safi kabisa, lakini nilipomwambia anieleze kwa maneno yake mwenyewe akarudia ile ile. Nikamwambia huo ni msuguano. Akasema kumbe, akainamisha kichwa akaendelea kukariri. Mimi nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, mboga ikaungua.

Wewe tumezoeana, kwa hiyo nitakuambia. Neno hilo nilifundishwa na mtu ambaye hajazikwa. Yumo ardhini, ndiyo, lakini hakuna aliyemweka humo kwa mikono.

Kwetu ni Ileje, milimani upande wa Mbebe, ambako ardhi imesimama wima kuliko inavyolala. Nyumba zetu zilipangana moja juu ya nyingine, na maji uliyooshea vyombo yalipita kwanza uani kwa jirani kabla hayajafika mtoni. Ukidondosha parachichi mlangoni, hukujisumbua kulifukuza. Ulijua mtoto wa mtu huko chini atalila. Sisi watoto tulijifunza kutembea tukiwa tumeinama mbele kidogo, na mpaka leo nikipita kwenye lami ya hapa mjini kuna watu huniuliza kama mgongo unaniuma.

Tuliishi watatu: bibi mzaa baba, mama yangu, na mimi. Baba alikuwa huku Tunduma akibeba mizigo mpakani, akija kila alipopata nafasi, na sukari na mkate uliobonyea kwenye mfuko. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, imeezekwa bati aliloliacha babu, na jiko lilikuwa kibanda cha peke yake pembeni. Asubuhi niliamshwa na moshi, kisha harufu ya ndizi mbichi zikichemka na maharage. Kahawa ilipochanua mlima mzima ulinukia, na hata mtu aliyekuwa na njaa alisimama kidogo njiani akavuta pumzi. Ilipoiva, vidole vyetu vilikuwa vyekundu mpaka Jumapili, na kanisani tulifundishwa kuvificha chini ya kitenge cha mama.

Kazi niliyoipenda ilikuwa kusiriba. Bibi alichanganya udongo mwekundu, samadi na majivu, akaupaka sakafuni kwa kiganja, halafu mimi nilipewa jiwe laini la mtoni nisugue mpaka sakafu ing'ae. Alikagua kwa unyayo, siyo kwa macho. Alitembea pekupeku polepole kutoka mlangoni mpaka kitandani, na pale unyayo ulipokwaruzwa alisimama tu, nami nikajua narudia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye Kiswahili kichache alichokichanganya na Kindali, na alicheka kwa pua.

Mwalimu wa sayansi alikuja nilipokuwa darasa la sita. Alitoka Ndalambo, kule Momba, nchi ya tambarare, na wiki zake za kwanza alianguka kila mahali. Alianguka akienda kisimani, akaanguka akitoka kanisani na suruali yake nzuri, na sisi tulicheka mpaka tukalia. Hakukasirika. Alituambia kwamba kwao jiwe likidondoka linabaki pale pale mpaka mwenyewe aliokote, na kwamba yeye amekuja kuishi kwa watu wanaokaa ukutani kama mijusi.

Shule yetu ilikuwa kwenye mgongo wa pili, ng'ambo ya kijito, ikitazamana na mlima wetu. Ukisimama uwanjani uliziona nyumba zote, hata kuku wa bibi ungeweza kuwatambua. Darasani mlikuwa na ubao, chaki na madawati mabovu, vifaa vya sayansi havikuwepo. Mwalimu alichukua ubao wa dawati lililovunjika, akaweka tofali juu yake, akaanza kuunyanyua upande mmoja. Akanyanyua kidogo, tofali likakaa. Akanyanyua tena, likakaa. Mwisho likateleza likaanguka sakafuni, tukapiga makofi. Akatuuliza limeanguka kwa nini sasa hivi na siyo mwanzo. Tulisema mengi. Akasubiri tumalize.

"Tofali lilikuwa linavutwa chini muda wote, hata pale mlipoona limetulia," alisema. "Kilichokuwa kinalishika ni msuguano. Msuguano umechoka, basi."

Kila kitu, alisema, kina uso wake kama mtu, na msuguano unakaa pale nyuso mbili zinapogusana. Tulicheka kusikia kwamba tofali lina uso. Akamwaga mchanga mkavu juu ya ubao, akarudia. Akapaka udongo, akarudia. Akaumwagia udongo maji, na safari hiyo alipougusa tu ubao tofali liliondoka. Maji, alituambia, yanafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: yanaongeza uzito wa udongo, na yanauondolea msuguano. Tukaandika. Tukaandika pia kani, na mnato, na kanieneo, maneno mapya ambayo tuliyapenda kwa sababu yalikuwa ya kwetu na yalielezeka. Nilipomwambia bibi kuhusu msuguano jioni ile, alicheka kwa pua, akasema yeye amesugua masufuria kwa majivu maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amesoma.

Baada ya mvua tulikuwa na mchezo wetu. Tulichuna magamba ya mgomba yale mapana, tukayakalia, tukateremka kwenye nyasi zilizolowa mpaka kijitoni. Siku moja mwalimu alitukuta. Tulidhani tutachapwa. Yeye akaomba gamba, akalikalia, akashuka akipiga kelele kuliko sisi wote, na aliposimama suruali ilikuwa imeachana nyuma. Alipanda kurudi shuleni amejifunika kwa daftari la mahudhurio. Tangu hapo kijiji kizima kilimwita Mwalimu Msuguano, hata wazee, hata mchungaji akiwa madhabahuni.

Ufa tuliuona sisi wanafunzi. Masika ilikuwa imeanza vizuri, na tulipelekwa kukata nyasi za mifagio juu ya shamba la mahindi la bibi. Msichana mmoja aliyekuwa mbele yangu mguu wake ukazama mpaka gotini, na alipouchomoa ndala haikuja. Tukafunua nyasi. Ardhi ilikuwa imepasuka, mstari mrefu uliopita juu ya shamba letu na juu ya shamba la jirani, ukapotea kwenye kahawa. Haukuwa mpana. Ungeweza kuuruka bila kujinyoosha. Mwalimu alikata tete refu, akalitumbukiza, likaenda lote, akabaki ameshika ncha. Alitazama chini, kwenye bati la bibi lililokuwa linang'aa chini yetu kabisa, kisha akatuambia tuteremke tukipitia pembeni.

Kesho yake alirudi na vigingi viwili na uzi wa kushonea magunia. Alipigilia kigingi kimoja upande wa juu wa ufa na kingine upande wa chini, akaufunga uzi kati yao, akaukaza mpaka ukiugusa unalia kama zeze. Alitueleza kwamba ardhi ikitulia uzi utabaki hivyo hivyo. Upande wa chini ukisogea, uzi utavutwa, na ukivutwa kupita nguvu zake utakatika. Kila alasiri alipanda kuutazama. Mara nyingine alituchukua. Kwa muda uzi ulibaki vile vile na sisi tukachoka kuupandia. Halafu ukakatika. Alifunga mwingine. Nao ukakatika.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mkutano ukaitwa kanisani kwa sababu nje kulikuwa na matope. Mimi nilikaa dirishani na watoto wengine. Mwalimu alieleza kwa maneno rahisi, akatumia meza ya mchungaji na Biblia kuonyesha jinsi kitu kinavyoteleza, na watu walimsikiliza vizuri. Hakuna aliyemcheka. Watu wa mlimani hawahitaji kuambiwa kwamba mlima unaweza kushuka. Jirani yetu wa chini, mkulima wa kahawa mwenye sauti kubwa, ndiye aliyesimama. Alimuuliza mwalimu, kwa heshima, waende wapi. Kahawa haibebwi kichwani. Alimuuliza kama huko kwao Ndalambo kuna shamba amewatengea.

Mwalimu alimrudishia mchungaji Biblia yake.

"Sina mahali pa kuwapeleka," alisema. "Ninachojua ni kwamba hapa si pa kukaa."

Mwenyekiti alipeleka taarifa katani, ikaenda mbele, na jibu likarudi kwamba wataalamu watakuja barabara ikipitika. Hawakuwa waongo. Mwezi ule hata pikipiki zilikuwa zinasukumwa. Lori lililoleta mahindi lilizama kule chini likalala upande, na watu wakabeba magunia kwa mgongo.

Siku mbili tatu baada ya mkutano mwalimu alikuja nyumbani kwetu kuzungumza na bibi. Mama alimpa kigoda, bibi akabaki amekaa kwenye mkeka na ungo wa maharage. Nilikuwa nakoka moto, nikasikia yote. Alimweleza tena habari ya ufa. Bibi hakunyanyua macho kwenye maharage.

"Mwanangu, hayo nayajua," alisema. "Chemchemi yangu imehama, inatokea kwa jirani. Mlango wangu haufungi tangu mwaka jana, na mimi sikuugusa. Huo mlima nimeolewa nao. Sikatai unachosema. Lakini nikilala huko shuleni, asubuhi nitakula nini?"

Mwalimu aliinuka akaushika ule mlango, akajaribu kuufunga, akatazama pale unapogoma kwenye fremu. Mama akampa ndizi, akala, akashukuru.

Lakini hakuishia hapo. Alimbembeleza mwalimu mkuu mpaka akapewa madarasa mawili, na nyumba zote zilizokuwa chini ya ufa zikaanza kulala shuleni. Jioni tulivuka kijito na mikeka na vikapu, wazee wakishikwa mikono. Tulilala kati ya madawati, chini ya picha za mifupa ya binadamu na ramani ya Afrika. Darasa lilinuka moshi na mikojo ya watoto wadogo, na sisi tulidhani ni sherehe. Asubuhi watu wazima walivuka tena kurudi. Kulikuwa na nguruwe wa kulishwa, maharage ya kugeuzwa yasioze, mbuzi wa kukamua. Usiku tulikuwa salama. Mchana kila mtu alikuwa kwake.

Mvua ilinyesha mfululizo bila kupumua, halafu asubuhi moja ikakatika. Jua likatoka. Sijui kama umewahi kuona jua la masika milimani baada ya mvua ndefu. Kila jani linameta, mvuke unapanda kwenye mabati, watu wanasalimiana kwa sauti kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Bibi alivuka kijito akiimba. Mama alinisuka nywele haraka haraka kabla ya kengele, akaniambia mchana nije nyumbani kula, siku hiyo kuna ndizi na maharage mapya. Nilimwona akipanda njia yetu, kitenge amekikunja gotini kwa sababu ya matope.

Wakati wa mapumziko walimu waliletewa uji. Mwalimu wa sayansi hakukaa kuunywa. Alifunika kikombe chake kwa sahani, akakiacha kwenye benchi la ofisini, akamwambia mwalimu mkuu kwamba anakwenda kutazama uzi na atarudi kabla ya kipindi. Kabla hajaondoka alimkumbusha kiranja wa kengele yale waliyokuwa wamekubaliana: akimwona anapunga mikono yote miwili, apige rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, apige bila kuacha.

Tulimtazama akivuka na kupanda, shati lake la bluu likipotea na kutokea kwenye mahindi. Tulikuwa tunaruka kamba. Tulimwona amefika, ameinama. Alikaa ameinama kwa muda. Kisha akasimama akapunga mikono yote miwili, na hakusubiri kuona kama tumemwona. Alianza kushuka mbio, yeye ambaye alikuwa anaanguka kila mahali, na siku hiyo hakuanguka.

Kiranja alipiga kengele. Watu wa nyumba za pembeni waliisikia wakatoka. Jirani yetu alitoka na mke wake na wajukuu, wakakimbilia upande wa kanisa. Mama alikuwa ndani ya jiko kwenye moshi, anachochea moto, na alituambia baadaye kwamba kengele aliisikia vizuri tu, lakini kengele ya shule hulia kila siku. Alichokumbuka ni mwanga wa mlango kuzibwa na mtu.

"Toka," mwalimu alimwambia. "Acha kila kitu. Usiteremke, kata pembeni kwenda kanisani." Kisha akauliza, "Bibi yuko wapi?"

Mama akamwambia bibi yuko nyuma, kwenye banda la nguruwe. Mwalimu akazunguka nyuma ya nyumba. Mama akakimbia kama alivyoelekezwa. Alisema alikuwa na mwiko mkononi mpaka alipofika kanisani, hakujua.

Sisi tuliokuwa shuleni tuliona kahawa ikitembea. Sina namna nyingine ya kukueleza. Miti ya kahawa ilikuwa imesimama wima kwenye mistari yake, na mistari yote ilikuwa inashuka taratibu kama watu wanaotoka ibadani. Hakukuwa na kelele bado. Halafu mistari ikapinda, miti ikalala, na chini yake pakatokea wekundu. Ndipo sauti ikatufikia, na ardhi ikatetemeka chini ya miguu yetu ng'ambo ya kijito. Bati la babu lilinyanyuka upande mmoja, likang'aa, likazama. Nilimtafuta bibi kwa macho pale nilipozoea kumwona. Pale hapakuwepo. Palikuwa pameondoka.

Mwalimu mkuu alitufungia darasani asije mtoto akakimbilia huko. Tulisikia watu wakiita majina. Harufu ya udongo mbichi iliingia madirishani, harufu ile ile ya kusiriba, na mimi mpaka leo siwezi kukaa kwenye nyumba inayosiribwa.

Walichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Jirani yetu, yule aliyeuliza waende wapi, alichimba mpaka kucha zikamtoka, na alipoambiwa apumzike alimsukuma mtu. Siku ya pili walimpata bibi. Alikuwa mbali chini kuliko nyumba ilipokuwa, karibu na kijito. Baba alifika kutoka Tunduma jioni ile amelowa, ametembea kutoka pale gari liliposhindwa, akampokea mama yake akiwa amefungwa kwenye blanketi la jirani. Mvua ilianza tena wakati mchungaji akiomba. Mlima ukawa unadondosha vipande vidogo vidogo, na mwenyekiti akasimama mbele ya watu akakataza kuchimba, akisema hawezi kuwazika wengine kwa ajili ya kumtafuta mmoja. Alisema hivyo akilia. Jirani alikaa chini kwenye matope na hakuondoka hadi wanawe walipombeba.

Mwalimu hawakumpata.

Mama yake alikuja barabara ilipofunguka, yeye na kaka mmoja wa marehemu. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu mzima, amevaa viatu vya wazi vya plastiki ambavyo havifai mlimani, na njia nzima alishikwa mikono asianguke. Walikuja na jeneza tupu juu ya gari la kukodi kwa sababu huko kwao hakuna aliyeelewa habari iliyofika. Walidhani wanakuja kuchukua mwili. Ilibidi waelezwe wakiwa wamesimama pale pale, mbele ya ule wekundu mrefu, na kaka akawa anauliza tena na tena, kwa upole, mwili uko wapi.

Wazee walisema mama yangu ndiye azungumze naye. Mama alikuwa hajala vizuri tangu siku ile na sauti yake ilikuwa imekwisha. Alipiga magoti kwenye nyasi, akasema shikamoo mama, akashindwa kuendelea. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika kitenge chake. Yule mama aliketi chini, akavua viatu vyake, akaviweka pembeni vizuri. Alitazama mlima kwa muda mrefu. Sote tulingoja aulize ilikuwaje, au kwa nini mwanawe ndiye aliyekwenda.

"Siku hiyo alikuwa amekula?" akauliza.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimeuona ule uji, umefunikwa kwa sahani kwenye benchi la ofisini, ukabaki hapo mpaka ukaota utando, kwa sababu hakuna mwalimu aliyethubutu kuumwaga. Na mama alijua, kwa sababu zile ndizi zilikuwa bado zinachemka alipoambiwa aache kila kitu.

"Alikula, mama," mama yangu akasema. "Alikula kwangu. Ndizi na maharage. Akaongezewa."

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Alisema mwanawe tangu utoto hakuwa mlaji, ilikuwa ni lazima aongezewe bila kuulizwa. Ndipo akalia, na mama akamshika, na sisi wengine tukasogea mbali. Jeneza lilirudi Ndalambo tupu. Kaka yake alitaka kulijaza udongo wa pale, mama yake akakataa, akasema mwanawe siyo udongo.

Baada ya pale hakuna aliyejenga tena upande ule. Kijiji kiligawanyika. Wengine walipewa viwanja juu kwenye mgongo, wengine walivuka Songwe kwenda kwa ndugu zao Malawi. Jirani alikataa kulima kahawa tena, akafa akiwa mlinzi wa ghala la mtu mjini. Sisi tulimfuata baba Tunduma, tukaishi kwenye chumba kimoja nyuma ya maegesho ya malori, sakafu ya saruji baridi, na mama akawa anauza maandazi kwa madereva wa Zambia. Nilipoingia sekondari maneno yote yalibadilika kuwa Kiingereza, na ilikuwa kama mtu amezifungia zile siku kwenye chumba na kuondoka na ufunguo. Nilifaulu kiasi. Sikusoma fizikia kupita kidato cha pili.

Mwaka juzi nilikwenda kutazama. Pamefunikwa na nyasi na miti ya mikaratusi, pamelala vizuri, mtu asiyejua angesema ni mahali pazuri pa kuchungia. Kijana aliyenibeba kwenye pikipiki ni mzaliwa wa pale pale, na nilipomuuliza panaitwaje alisema hapana jina, ni porini tu. Shule ile imehamishwa. Hata kijito kimepinda, kinapita kwingine. Nilitafuta mahali pa kusimama ambapo ningesema hapa ndipo mlango wetu ulikuwa, sikupaona.

Kilichobaki kwa miaka mingi kilikuwa kiroba cha karanga. Mwaka wa kwanza baada ya mavuno, kondakta wa basi la Momba alikuja kumuulizia mama sokoni, akampa kiroba kimefungwa kwa kamba, akasema kimetoka kwa mama mmoja Ndalambo, hakuna ujumbe. Mama aliketi akakitazama. Basi lilipokuwa linageuza alikuwa amekwisha nunua mkungu wa ndizi kutoka kwa watu wa Ileje, akaupandisha. Ikawa hivyo kila mwaka. Karanga zilikuja, ndizi zikaenda. Wale mama wawili hawakuonana tena wala kuandikiana, na sidhani kama kati yao kuna aliyehitaji. Tulikaanga zile karanga kwa chumvi tukala, na mama hakuruhusu ziuzwe, hata miaka ambayo kodi ya chumba ilitushinda.

Halafu mavuno mengine yakaja na kiroba hakikuja. Mama alisema labda mvua huko zilikuwa haba. Alikwenda stendi Jumamosi, akarudi. Akaenda iliyofuata. Kondakta alikuwa mwingine, kijana, hakujua habari ya kiroba wala ya mama yeyote wa Ndalambo. Siku hiyo mama aliporudi alikuwa bado na mkungu wake wa ndizi kichwani. Aliutua mlangoni, akaingia ndani, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Zile ndizi hakuna aliyezipika. Ziliiva pale pale mlangoni, zikawa nyeusi, watoto wa wapangaji wakazimaliza.